Pombe iliyotangulia nyota

Swali hili limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita huko Masasi, mkoani Mtwara, anayesoma Fizikia, Kemia na Biolojia:

"Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba mahali zinapozaliwa nyota kubwa kuna maji, amonia na hata pombe. Darasani tumefundishwa kwamba mmenyuko wa kemikali una kizingiti cha nishati, na kwamba baridi huupunguza kasi. Mawingu ya angani yana baridi kuliko barafu. Sasa hiyo pombe imepikwaje? Na kama imepikwa na joto la nyota yenyewe, mbona mionzi ya nyota haijaivunja?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri: pombe hiyo haikupikwa na nyota. Ilikuwepo kabla nyota haijawaka. Iliundwa gizani, kwenye baridi kali, juu ya chembe za vumbi. Nyota ilipoanza kutoa joto iliifungulia tu kutoka kwenye barafu, ndipo darubini zetu zikaiona, na hatimaye nyota hiyohiyo ndiyo itakayoivunja. Kwa hiyo mashaka yako yote mawili yana msingi, na wala hauko peke yako. Hadi miaka ya 1960 wanaastronomia wengi waliamini kwamba molekuli yenye atomu zaidi ya mbili haiwezi kudumu kati ya nyota. Mwaka 1968 Charles Townes na wenzake walipokea mawimbi ya amonia kutoka upande wa kitovu cha galaksi yetu. Mwaka uliofuata yakaonekana maji na fomaldehaidi, mwaka 1970 kaboni monoksidi na methanoli, na mwaka 1975 ethanoli. Imani ile ikaisha.

Kuhusu pombe yenyewe, usifikirie kinywaji. Iliyo nyingi ni methanoli, ile inayopofusha na kuua watu inapoingia kwenye gongo. Ethanoli, iliyomo kwenye uraka wa mabibo mnaoujua huko kwenu, ipo pia, lakini ni chache zaidi.

Mahali penyewe unaweza kupaona kwa macho, au tuseme unaweza kuuona mlango wake. Toka nje mwezi wa Januari saa nne usiku, siku ambayo mawingu ya mvua yametoa nafasi. Kundinyota la Jabari, ambalo vitabu vyenu vinaliita Orion, litakuwa karibu na utosi wako. Sisi wa Mtwara na Lindi tumebahatika: tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na nebula, yaani wingu la gesi linalong'aa, iliyomo katika kundinyota hilo hupita nyuzi kama 5 tu kutoka utosini. Tazama kaskazini, kisha inua macho juu kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Utaona kidoa chenye ukungu. Kiko umbali wa takribani miaka ya nuru 1,350, maana yake nuru unayoipokea ilianza safari karne kadhaa kabla Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani haujajengwa.

Ukungu huo unawashwa hasa na nyota moja, Theta-1 Orionis C, yenye uzito wa zaidi ya Majua 30. Nyota huhesabiwa kuwa kubwa ikizidi Majua 8, na huyu ni jitu hata miongoni mwa majitu. Nyota za aina hii hazidumu. Huishi miaka milioni chache tu kisha hulipuka, na miaka milioni 150 iliyopita, wale dinosaria ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi, walipokuwa wakitembea, Theta-1 Orionis C haikuwepo hata kwa dalili. Ni nyota mpya kabisa.

Lakini kinachokuhusu wewe kiko nyuma ya ukungu unaong'aa. Kuna wingu zito la gesi na vumbi, na ndani yake sehemu inayoitwa Orion KL. Nuru ya kawaida haitoki humo. Kleinmann na Low waliigundua mwaka 1967 kwa mionzi ya infraredi, na tangu hapo imechunguzwa kwa darubini za redio kuliko karibu eneo lolote la aina yake. Mwenzake mkubwa ni Sagittarius B2, wingu lililo karibu na kitovu cha galaksi, umbali wa kama miaka ya nuru 26,000. Hilo hupita juu yetu Julai, kwenye saa nne na nusu usiku, wakati wa kiangazi ambapo anga la kusini ni safi, ingawa kwa macho huwezi kuona chochote chake.

Sasa tuingie kwenye kemia, na tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha ugumu wa swali lako. Wingu kabla ya kuzaa nyota lina joto la Kelvini 10 hadi 20, yaani kati ya nyuzi 263 na 253 chini ya sifuri. Chukua mmenyuko wenye kizingiti cha kilojuli 40 kwa moli, ambacho si kikubwa hata kidogo. Kwa joto la kawaida la Mtwara, Kelvini 300, sehemu ya migongano yenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti hicho ni kama mmoja kati ya milioni 10. Kwa Kelvini 10 inakuwa mmoja kati ya 10²⁰⁹. Kaa na kikokotoo chako uihakikishe mwenyewe. Umri wote wa ulimwengu hautoshi kusubiri mgongano mmoja wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, migongano yenyewe ni adimu. Hewa ya ufukweni Lindi ina molekuli zaidi ya 10¹⁹ katika kila sentimita moja ya ujazo, wakati wingu la baridi lina kati ya elfu kumi na milioni moja.

Kwa hiyo kemia ya huko haipandi kizingiti. Inatafuta njia ambazo hazina kizingiti, au inakipenya bila kukipanda.

Njia ya kwanza ni ioni, yaani atomu au molekuli zenye chaji ya umeme. Mionzi ya anga za mbali, ambayo kwa kweli ni chembe zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ya nuru, huingia hadi ndani ya wingu ambako nuru haifiki. Ikigonga molekuli ya haidrojeni huing'oa elektroni. Ioni hiyo hukutana na molekuli nyingine ya haidrojeni na kuunda H₃⁺, atomu tatu za haidrojeni zenye chaji moja chanya. H₃⁺ ni karimu mno: karibu kila molekuli inayokutana nayo huipa protoni. Na kwa kuwa ioni huvuta molekuli jirani kwa nguvu ya umeme, mimenyuko mingi ya namna hii haina kizingiti kabisa, na baridi haiizuii. Katika wingu lenye molekuli elfu kumi kwa sentimita ya ujazo, ioni hukutana na molekuli takribani mara moja kwa siku. Kwetu hiyo ni kasi ya konokono, lakini wingu lina muda wa mamia ya maelfu ya miaka. Geballe na Oka waliiona H₃⁺ kwa mara ya kwanza kati ya nyota mwaka 1996, na waliiona katika mawingu yanayozifunika nyota changa mbili zilizo kubwa, yaani kwenye mazingira haya haya unayouliza.

Kwa miaka mingi watu walitegemea ioni zieleze methanoli pia. Haikuwezekana. Njia ya ioni huishia na CH₃OH₂⁺, ambayo lazima inase elektroni ili iwe methanoli. Majaribio yaliyofanyika Stockholm na kuchapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba inaponasa elektroni, mara nyingi husambaratika. Takribani asilimia 3 tu ndizo zinazobaki kuwa methanoli. Kiasi hicho hakikaribii hata kidogo kile tunachokiona.

Basi tukabaki na vumbi, na hapa ndipo penye utamu wa kemia hii. Chembe ya vumbi angani ni ndogo sana, kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Imejengwa kwa madini ya silika na kaboni. Kwa Kelvini 10 karibu kila kinachoigusa hunata. Atomu za oksijeni hunata, atomu za haidrojeni hunata, nazo haidrojeni kwa wepesi wake zinaendelea kutangatanga juu ya uso wa chembe hadi zikutane na mwenzi. Oksijeni ikipata haidrojeni mbili, ni maji. Nitrojeni ikipata tatu, ni amonia. Kaboni ikipata nne ni methani, gesi ileile inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo, ila hiyo ya kwetu asili yake ni mabaki ya viumbe vilivyozikwa. Hivyo ndivyo chembe inavyovikwa barafu, tabaka juu ya tabaka.

Wingu likizidi kuwa zito na baridi, chini ya Kelvini 20 hivi, kaboni monoksidi nayo huganda juu ya chembe. Kisha haidrojeni huifuata humo humo: CO inakuwa HCO, HCO inakuwa fomaldehaidi, na baada ya haidrojeni mbili zaidi tunapata CH₃OH, methanoli. Hatua mbili kati ya hizo nne zina kizingiti, ile ya kwanza na ile ya fomaldehaidi. Hesabu yako ya darasani inasema haziwezekani. Lakini atomu ya haidrojeni ni nyepesi kiasi kwamba fizikia ya kwanta inairuhusu kupenya kizingiti badala ya kukipanda, na upenyaji huo hauhitaji joto. Kinachohitajika ni muda wa kukaa karibu na kujaribu mara nyingi, na uso wa chembe unatoa muda huo. Chembe hufanya na kazi nyingine: hupokea nishati inayotolewa na mmenyuko, ili molekuli changa isivunjike kwa joto lake yenyewe. Watanabe na Kouchi, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido huko Japani, walilithibitisha hilo maabarani mwaka 2002. Waligandisha kaboni monoksidi kwenye Kelvini 10, wakaimwagia atomu za haidrojeni, wakapata fomaldehaidi na methanoli. Mimi nalihesabu jaribio hilo kuwa miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya fani hii, kwa sababu lilijibu swali moja kwa uwazi bila kuacha mwanya.

Sasa nyota inaingia. Fikiria chetezo nyumbani, udi na ubani. Harufu imo ndani ya ubani miaka yote, kimya, na chumba hakijui. Ukiweka kaa la moto, nyumba nzima inanukia. Kaa halikutengeneza harufu, limeiachia tu. Gesi inayoporomoka kuelekea nyota changa hupata joto na kuipasha moto gesi na vumbi la jirani. Likifika Kelvini 100 hivi, yaani nyuzi 173 chini ya sifuri, barafu ya maji inageuka gesi moja kwa moja, na vyote vilivyofungiwa humo vinatoka kwa pamoja. Eneo hilo dogo, lisilofika hata theluthi moja ya mwaka wa nuru, tunaliita kiini cha moto. Jina hilo lisikudanganye: sehemu zake nyingi zina baridi kuliko friza yoyote ya samaki pale Mikindani. Lina kama molekuli milioni 10 za haidrojeni kwa sentimita ya ujazo, na katika kila molekuli milioni 1 hadi 10 za haidrojeni kuna moja ya methanoli. Utaona ni kidogo, lakini kiini kizima kina uzito wa Majua mengi, kwa hiyo jumla yake ni kubwa mno.

Joto lina mchango wake wa haki, na nisingependa kuuficha. Kati ya Kelvini 20 na 100, wakati chembe zinapata uvuguvugu lakini barafu bado haijatoka, vipande vya molekuli vilivyonaswa ndani ya barafu huanza kusogea na kuungana. Garrod na Herbst walipendekeza mwaka 2006 kwamba hapo ndipo zinapotokea molekuli kubwa kama methili fometi na nyinginezo, na wazo hilo limeongoza utafiti tangu hapo. Kwa hiyo kwa molekuli hizo nyota ilisaidia. Kwa methanoli, hapana.

Tunajuaje kwamba methanoli ilizaliwa kwenye baridi, wakati tunaiona kwenye joto? Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni deuteri, haidrojeni nzito. Katika eneo letu la galaksi, kuna atomu moja ya deuteri kwa kila atomu za haidrojeni zipatazo 65,000. Lakini kwenye baridi, H₃⁺ ikikutana na HD, molekuli ya haidrojeni ambayo atomu yake moja ni deuteri, hubadilishana atomu na kuwa H₂D⁺, na mmenyuko huo ukishakwenda mbele haurudi kirahisi, kwa sababu kurudi kunahitaji nishati ambayo Kelvini 10 haina. Deuteri inajikusanya, inafika juu ya vumbi, inaingia kwenye molekuli zinazoundwa hapo. Methanoli ya Orion KL, iliyo kwenye gesi yenye Kelvini zaidi ya 100, ina deuteri makumi ya mara kuliko kiwango cha kawaida. Kwa joto iliyonalo sasa isingeweza kuipata. Iliipata zamani, kwenye baridi, ikaja nayo.

Nayo darubini huitambua molekuli kwa mzunguko wake. Molekuli haizunguki kwa kasi yoyote itakayo. Ina ngazi zake, na ikishuka ngazi moja hutoa wimbi la redio la masafa yake maalumu. Kaboni monoksidi hutoa gigahezi 115. Maabara hupima masafa hayo kwa usahihi mkubwa, kisha tunalinganisha na yanayotoka angani. Kila masafa huonekana kama mstari, na mistari mingi ikikubaliana kwa pamoja, tumeipata, na kwa kulinganisha nguvu ya mistari ya ngazi za chini na za juu tunapata joto la gesi. Chombo kikuu leo ni ALMA, antena 66 kwenye jangwa la Atacama huko Chile, mita 5,000 juu ya bahari. Molekuli zilizotambuliwa kati ya nyota sasa zinazidi 300. Kwa kuwa unasoma kemia ya kaboni, hii utaipenda: mwaka 2014 ALMA iliona katika Sagittarius B2 sianidi ya isopropili, molekuli ya kwanza kati ya nyota yenye mnyororo wa kaboni uliotoa tawi. Glisini, asidi ya amino iliyo nyepesi kuliko zote, imetafutwa kwa miongo katika mawingu haya. Tangazo la mwaka 2003 kwamba imeonekana halikustahimili uchunguzi.

Tahadhari moja kuhusu Orion KL, kwa sababu utakutana nayo kila kitabu. Ni mfano mashuhuri kwa kuwa iko karibu, lakini si mfano wa kawaida. Molekuli zenye nitrojeni zimejaa upande mmoja na zenye oksijeni upande mwingine, jambo lililoonekana wazi tangu miaka ya 1980, na bado watafiti wanabishana kwa nini. Vilevile, kwa jinsi tunavyoiona, miaka kama 500 iliyopita nyota changa kadhaa zilikaribiana mno humo zikarushana, na mlipuko ukatimua gesi pande zote. Huenda sehemu ya joto la kiini chake limetoka kwenye tukio hilo na si kwenye nyota iliyomo ndani. Kwa hiyo usichukue kila namba ya Orion KL ukaipeleka kwenye kila wingu.

Nirudi kwenye swali lako la pili, la mionzi. Wakati wa kiini cha moto nyota bado imezingirwa na vumbi zito, na vumbi hunyonya urujuanimno karibu na nyota kabla haujafika mbali. Hiyo ndiyo ngao, nayo ni ya muda. Hata bila mionzi, methanoli iliyotoka kwenye barafu huanza kuharibiwa na ioni: inapewa protoni, inanasa elektroni, na kwa sababu ile ya Stockholm husambaratika. Katika makumi ya maelfu ya miaka imepungua sana. Wakati huo nyota inazidi kukua, na mionzi yake yenye nishati inayozidi elektroni-volti 13.6 inang'oa elektroni za haidrojeni. Pande zote za nyota hutokea mfuko wa gesi yenye Kelvini kama 10,000. Ndani ya mfuko huo hakuna molekuli inayosalia. Theta-1 Orionis C imeshafika hapo, na ukungu unaouona Januari ndio mfuko wenyewe.

Ila pembezoni mwa mfuko, mionzi inapoligonga wingu lililobaki, mambo hayaishii kwenye kuvunja. Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona CH₃⁺, ioni ya kaboni moja na haidrojeni tatu, kwa mara ya kwanza angani, kwenye sahani ya gesi na vumbi inayozunguka nyota ndogo ndani ya Nebula ya Jabari, sahani inayopigwa na urujuanimno wa nyota kubwa za jirani. Hatua ya kwanza ya kuiunda ni ioni ya kaboni kukutana na molekuli ya haidrojeni na kutoa CH⁺, na hatua hiyo inadai nishati ya kama elektroni-volti 0.4. Nishati hiyo inapatikana kwa sababu urujuanimno huipandisha haidrojeni kwenye ngazi za juu za mtetemo kabla ya mgongano. Kwa hiyo huko, tofauti na juu ya vumbi, kizingiti ulichofundishwa darasani kinavukwa kwa kupandwa kabisa, na inayolipa gharama ni nyota.